Mlango Ambao Hawajaja Kuuchukua

Mlango ukishushwa kwenye udongo mkavu una mlio wake. Unalia chini chini, kama mtu mzito anayekaa kitako na kushusha pumzi. Nimeusikia mlio huo mara moja tu, nikiwa mtoto wa darasa la tano, mbele ya nyumba yetu hapa Mikumi, jua likizama upande wa mbugani na moshi wa kuni za mama ukiwa umetanda uani. Wanaume wanne waliushusha mlango kutoka mabegani, na juu yake alikuwa amelala Mwalimu Gaspari, kijana wa chuo cha ualimu, bado amevaa jezi yake ya mistari myeusi na myeupe. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka kama gogo, goti limefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na pembeni ya ule mpira nyama ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi. Aliyetangulia ni Hemedi Lukwele, mwenyekiti wa timu. Hakubisha hodi wala hakutoa salamu. Alimwambia baba, "Mzee Ramadhani, mtu wako huyu." Baba akauliza, "Mtu wangu? Mmemfanyaje?" Hemedi akajibu, "Si ulimtaja mwenyewe?" Akageuka, wenzake wakamfuata. Mlango wakauacha pale pale, na Gaspari juu yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na chupa ya uji mkononi, uji ambao hakuna aliyeunywa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kupita yote, na nimekaa nalo tangu utoto mpaka leo nina mjukuu. Sikusoma sana. Darasa la tano ndilo la mwisho kwangu, na nitaeleza nani aliyenitoa darasani. Mwanangu aliniambia, mama, ukiandika usitaje watu kwa majina. Nikamwambia jina la baba yangu lilitajwa katika kila kijiwe cha mji huu na hakuna aliyelionea haya. Kwa hiyo nami nitataja.

Mikumi ya utoto wangu ilinuka dizeli na mahindi ya kuchoma. Malori ya kwenda Iringa, Mbeya na nchi za huko mbele yalipumzika hapa, injini zikitoa joto hata zikiwa zimezimwa, matingo wakioga kwa ndoo nyuma ya gesti, na sisi watoto tukizunguka na sinia za mahindi kichwani tukiwaita madereva baba hata kama hatujawahi kuwaona. Nyuma ya gesti moja kulikuwa na uwanja wa kuegesha malori, na kwenye ukuta wa uwanja ule kulikuwa na chumba kidogo ambacho ndicho kilikuwa ofisi ya timu. Timu tuliiita Pundamilia kwa sababu ya jezi zake. Mlango wa ofisi ulikuwa wa mninga, mzito, umepakwa mistari kama jezi, na mchoraji alikuwa ameanza kwa mbwembwe huko juu halafu nafasi ikamwishia, hivyo mistari ya chini ilibanana kuliko ya juu. Kila mtoto wa Mikumi aliujua mlango ule. Tulikuwa tunaupapasa tukipita, kama wengine wanavyopapasa ukuta wa nyumba ya bibi yao.

Timu ya mji mdogo haiwezi kuishi kwa watoto wake peke yao. Vijana wetu wakishapata nguvu za kubeba mzigo walikuwa wanaondoka na malori, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo kila mwaka tuliwasubiri wanachuo. Chuo kiliwaleta vijana wa ualimu kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za huku kwetu, na waliposhuka kwenye basi na magodoro yao, watu wa mpira hawakujali nani anajua hesabu. Waliangalia miguu. Jumamosi ya kwanza wanachuo walicheza wao kwa wao, na mashabiki wa Mikumi, wa Ruaha na wa kijiji jirani kinachoitwa Ulaya walikuja kuwakagua kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Ruaha waliwavuta kwa sukari, maana kule miwa inaota mpaka mlangoni na chai yao ilikuwa nzito kama asali. Ulaya walikuja na baiskeli, na mwanachuo akikubali tu alipakiwa kwenye keria na kupotelea vumbini kabla hajabadili mawazo. Watu wa Mikumi walibaki wakiwatania, eti kijana kaenda kucheza Ulaya, mama yake akisikia atadhani kapanda ndege.

Sisi hatukuwa na sukari wala baiskeli za kutosha. Tulikuwa na maneno. Mjadala wetu wa kuchagua wanachuo ulianza asubuhi na kuisha watu wameshasahau kula, na kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni. Hemedi alipopewa uenyekiti ndiye aliyeleta sheria ya kutaja. Alisema amechoka na watu wanaotaja wachezaji wa timu nzima halafu mchezaji analala njaa. Kuanzia hapo, ukisimama mbele ya mlango wa ofisi ukamtaja mwanachuo, timu ikimchukua, ni wako: analala kwako, anakula kwako, jezi yake inafuliwa kwako, na siku ya mechi mtu wa nyumbani kwako ndiye anayempelekea uji wakati wa mapumziko. Sheria yenyewe siisemi vibaya. Watu walianza kufikiri kabla ya kufungua mdomo, na wachezaji walishiba. Ni mama yangu peke yake niliyemsikia akiuliza, "Na akiugua?" Baba alicheka akasema, "Akiugua si kuna timu?"

Mwaka ule wanachuo wawili waliugawa mji. Mmoja alikuwa mshambuliaji mrefu, kifua kama pipa, wenzake walimwita Jeta, na katika mechi ya wanachuo alifunga mabao mawili ya kichwa. Mwingine alikuwa Gaspari, winga wa kushoto, mtu wa Songea, mwembamba, anayetembea ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano. Hakufunga hata bao moja, lakini krosi zote mbili zilitoka mguuni kwake. Watu walijaa mbele ya ule mlango, wengine wamekaa juu ya matairi mabovu, wengine wananing'inia kwenye lori lililokuwa halina injini. Mimi nilikuwa kwenye tairi, pembeni mwa baba. Fundi Chande, aliyekuwa akitengeneza magari pale pale uwanjani, alisimama na spana mkononi akasema Jeta hana mjadala, mpeni jezi tukale. Baba akanyoosha mkono. Akasema yule mrefu anasubiri mpira kama abiria anayesubiri basi, na siku basi lisipokuja atalala stendi. "Huyu mwembamba ndiye basi lenyewe," alisema. Watu wakacheka. Chande akamjibu, "Mzee Ramadhani, kwa wembamba ule, lori la mafuta likipita hapo barabarani upepo wake utamtupa Iyovi." Mwingine akadakia, "Au kwako mboga imepungua, unatafuta mtu asiyekula?" Baba hakukasirika. Alisema, "Atakula. Na siku atakapowashibisha nyinyi mabao, njooni mniombe radhi na kuku."

Hemedi akaupiga mlango kwa kiganja, kama hakimu anavyopiga meza. "Maneno yametosha. Unamtaja?" Baba akasema anamtaja. "Ni wako?" Baba akasema, "Ni wangu." Chande naye akamtaja Jeta, na timu ikawachukua wote wawili. Nilirudi nyumbani nikikimbia mbele ya baba ili niwe wa kwanza kumwambia mama kwamba na sisi sasa tuna mchezaji.

Gaspari alilala chumba kimoja na wadogo zangu wa kiume. Yeye alikuwa Mkristo na sisi Waislamu. Jumapili mama alimwamsha aende kanisani kama alivyotuamsha sisi kwenda madrasa, na asipoamka alimwagiwa maji usoni kama sisi. Alipangiwa kufundisha darasa letu, kwa hiyo asubuhi nilimwamkia shikamoo mwalimu kwa heshima zote, nikiwa nimenyoosha mgongo, na jioni yeye ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kiporo cha mchana kimebaki?" Nilikuwa siwezi kugawanya. Alinikalisha kizingitini na punje za mahindi, akazipanga mafungu mafungu mpaka nikaona, na tangu siku hiyo hesabu haijawahi kunitisha. Mama alifua ile jezi na kuianika juu ya ua wa mabua, na jirani akiiona tu alijua kesho kuna mpira. Hata harufu yake naikumbuka, sabuni ya mche na mafuta ya nazi aliyojipaka miguuni.

Msimu ule Pundamilia ilipaa. Gaspari alilisha, Jeta akafunga, na Chande akaja mpaka kwetu na jogoo mkononi kumwambia baba, "Mzee, basi limefika." Ruaha tuliwafunga kwao, uwanja umezungukwa na miwa, na wale mashabiki wao wakatunyima hata maji. Ulaya walifungwa wakatusindikiza kwa baiskeli wakitutukana kwa utani mpaka nje ya kijiji. Ikabaki fainali ya wilaya, dhidi ya Kilosa mjini. Kilosa ndiko kwenye ofisi zote, ndiko tulikopangishwa foleni kwa kila kitu, na mtu wa Mikumi hakuwa na siku nyingine ya kumtazama mtu wa Kilosa usoni ila uwanjani.

Baba hakwenda Kilosa. Wiki ile tembo walikuwa wametoka mbugani wakaingia shambani kwetu, na kama angeliacha shamba kwa siku moja mahindi yangekwisha. Likumbukeni hilo la tembo, maana baadaye lilifanywa ushahidi. Alinituma mimi pamoja na mama mdogo, tukapanda lori la mashabiki na chupa ya uji wa ulezi uliokamuliwa limao, kama Gaspari alivyoupenda. Barabara ilikuwa makorongo matupu, na tuliimba ili tusisikie mbavu zetu. Uwanja wa Kilosa ulikuwa karibu na reli. Treni ya mizigo ilipita mpira ukiendelea, kelele zetu zote zikamezwa, na ni katikati ya mlio ule Gaspari alipogongwa. Beki wa Kilosa aliufuata mpira kwa haki, sina neno naye. Niliona mguu ukibaki nyuma na mwili ukienda mbele. Aliinuka, akachechemea mpaka mapumziko, na hakuna timu iliyokuwa imefunga.

Wakati wa mapumziko Hemedi alikuwa na amri yake nyingine: mashabiki hawaruhusiwi kuwasogelea wachezaji, ila wabeba uji. Mama mdogo akabaki nyuma ya kamba, nikaingia mimi. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Gaspari alikuwa amekaa chini, jasho linamtiririka wakati wenzake wameshakauka. Alisema, "Mwenyekiti, goti limeachia. Nikikanyaga linakwenda pembeni." Jeta, aliyekuwa ananyonya chungwa, akasema, "Mtoeni, tutacheza hivi hivi." Hemedi akamwita Yusto Kapande. Yusto aliitwa daktari wa timu, lakini hakuwahi kuwa daktari wa watu. Aliuza dawa za mifugo siku za mnada, akizunguka kwa wafugaji na mkoba wa ngozi, akichoma ng'ombe sindano. Siku ile alikuja na mkoba ule ule. Nilimwona akitoa bomba la sindano, akalipangusa kwenye suruali yake, akavuta dawa kutoka kwenye kichupa na kumchoma Gaspari gotini. Kisha akamfunga kwa mpira wa baiskeli.

Nilimsogelea mwenyekiti. Nilimwamkia kwanza, maana ndivyo nilivyolelewa. Nilisema, "Shikamoo mwenyekiti. Mwalimu kasema goti limeachia." Hakuitikia. Alimwambia Yusto, "Kaza hapo," kisha akanitazama mimi. "Wewe mpe uji uondoke." Gaspari alikisukuma kikombe polepole, akaniambia, "Niwekee, dada. Nitakunywa tukirudi." Hemedi akamshika kwapani akamwinua. "Anarudi uwanjani," alisema. "Mikumi nzima haikuja hapa kuangalia mtu aliyekaa."

Akarudi. Kwa muda mfupi, maumivu yakiwa yamelazwa na ile dawa, alikimbia kama zamani, akapiga krosi moja ambayo Jeta aliigongesha mwamba. Halafu akaanguka peke yake. Hakuna aliyemgusa. Goti liligeukia upande usio wake, na mama mdogo akanifunika macho kwa khanga nikaitoa. Kilosa wakapata bao baadaye, moja, likawatosha. Hospitali ya wilaya haikuwa mbali na pale. Watu wa Kilosa wenyewe walileta mkokoteni, na mzee mmoja wao akasema, "Jamani mpandisheni tumpeleke, huyu ni mtoto wa mtu." Hemedi akasema, "Mchezaji wetu tumwache kwenu? Mummalizie?" Na mashabiki wetu wakashangilia. Naomba mlisikie hilo. Mtu alikuwa amelala chini goti limeharibika, hospitali inaonekana, na watu wa Mikumi wakashangilia anyimwe hospitali hiyo kwa sababu ni ya mji uliotufunga. Mimi naamini Hemedi alikuwa na sababu yake nyingine. Daktari angeuliza huyu kachomwa nini, na nani kamchoma. Yusto njia nzima alikuwa amekumbatia mkoba wake. Tulipita makorongo yale yale tuliyoyaimbia asubuhi, na sasa sauti pekee ilikuwa ya Gaspari, aliyekuwa ameuma kola ya jezi. Tulipofika Mikumi lori halikuweza kuingia uchochoro wa kwetu, wala timu haikuwa na machela, basi wakaung'oa mlango wa ofisi kwenye bawaba zake. Hapo ndipo nilipoanzia.

Kesho yake baba alimpeleka zahanati, wakaambiwa wakimbie Morogoro. Goti lilikuwa limeanza kuoza kwa ndani, pale pale sindano ilipoingia. Madaktari walimuuliza baba kilichokuwa kwenye ile sindano, na baba akawaeleza yale tu niliyomweleza mimi. Mguu ulikatwa juu ya goti. Ndugu zake wa Songea walichelewa kupata habari, kwa hiyo mama alibaki Morogoro kumuuguza mtoto wa mwenzake, na mimi nikatolewa shule ili nipike, nilee wadogo zangu na nilinde shamba. Nilidhani ni kwa muda. Siku za mwanzo nilikaa kwenye kichuguu cha shambani nikifukuza ngedere na kujipangia punje mafungu mafungu, nisije nikasahau kugawanya.

Baba hakwenda kwa Hemedi kudai fidia. Alitaka yeye na Yusto waseme mbele ya watu walichokifanya, basi. Hemedi akaitisha mkutano mbele ya ofisi, ambayo sasa ilikuwa imezibwa kwa bati. Alisema mpira una siri zake. Alisema kuna mtu aliyempigania mchezaji mwenye goti bovu wakati mji mzima unamtaka Jeta, na mtu huyo huyo siku ya fainali hakuonekana Kilosa. "Aliyemtaja anajua alimtoa wapi," alisema, "na anajua kwa nini hakuja kuangalia." Hakulitamka jina, hapakuwa na haja. Baba akasimama akasema, "Tembo walikuwa shambani." Watu wakacheka, watu waliokuwa wakiwaona tembo hao kwenye mashamba yao wenyewe. Baba akasema, "Binti yangu aliiona sindano." Yusto akauliza, "Mtoto wa darasa la tano anajua nini kuhusu sindano?" Nikasema kwa sauti, "Nilikuona unaipangusa kwenye suruali." Mwanamke mmoja akanivuta mkono, akaninong'oneza kwamba mtoto wa kike habishani na wakubwa. Fundi Chande alikuwepo. Jeta alilala nyumbani kwake msimu mzima, na Jeta, aliyesikia kila neno siku ile, alimsimulia kabla chuo hakijamrudisha. Chande alijua. Alikaa akiigeuza geuza spana yake, na baba alimtazama muda mrefu, na Chande hakuinua kichwa.

Tangu hapo tukaitwa nyumba ya Kilosa. Mama akipeleka mchicha sokoni anaulizwa kama ni wa Kilosa. Wadogo zangu walirudi na midomo iliyopasuka. Watu walisema baba alihongwa amtaje kilema, na waliosema hivyo ndio waliokuwa wakimbeba Gaspari mabegani tulipowafunga Ruaha. Baba hakukanyaga uwanja wa mpira tena. Redio ikianza kutangaza mechi aliizima, akabaki ameishika mapajani kama mtu aliyeshika mtoto aliyelala. Alikufa akiwa bado ni mtu aliyeuza fainali. Hemedi alikuja mazishini, akachota udongo akatupia kaburini kama wengine, na mimi nilikiangalia kile kiganja mpaka kilipopangusana na mwenzake.

Gaspari, kabla hajarudi Songea, alikaa tena kwetu na magongo yake mawili. Siku ya kupanda basi alimshika baba mikono yote miwili akasema, "Baba, ulinitaja vizuri." Baba akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Gaspari alimalizia ualimu wake huko kwao, akafundisha maisha yake yote kwa mguu mmoja, na kila Idi ananipigia simu kama ninavyompigia mimi Krismasi. Hana chuki na mtu. Nikimwambia nataka hawa watu wajibu, ananiambia, "Dada, waache, wameshazeeka." Nami humwambia, mguu ni wako, kusamehe ni juu yako. Jina la baba ni langu, na mimi sijasamehe.

Leo nina mgahawa wangu hapo barabarani. Malori yamekuwa makubwa, madereva wanalala humo humo ndani kwenye viyoyozi, ila dizeli inanuka vile vile. Pundamilia bado ipo, na mashabiki wake wanakuja kwangu asubuhi kunywa supu na kubishana ni wanachuo gani wachukuliwe msimu huu. Baba yangu na wenzake walitumia macho, hawa wana video kwenye simu. "Huyu wa chuo cha kilimo, cheki anavyokata." "Wewe, video hiyo imechaguliwa, nitafutie moja anapoteza mpira." "Beki yule ni mtu kazi, ila anakula, tutafilisika." Nawasikiliza nikiwa na upawa mkononi, na siwachukii. Mara nyingine nachungulia nawaambia yule wa kushoto ndiye anayecheza, mwingine anasubiri tu, nao wanacheka: "Mama, kumbe na wewe unajua mpira?" Meza wanayoipiga ngumi ni ndefu, ya mninga, imefunikwa nailoni yenye maua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuifunua.

Nisingeandika lolote kama si habari waliyoniletea wiki hii, wenyewe wamefurahi. Mzee Hemedi, ambaye siku hizi ni mlezi wa timu, anakuja Jumapili kufungua msimu, na anataka ile sheria ya zamani irudi, anayemtaja mwanachuo amchukue nyumbani kwake. Kijana mmoja, rika la mwanangu wa mwisho, ameshapata winga wa kumtaja. Amepanga chumba kimoja, yumo na mke na mtoto mchanga. Nilimuuliza, "Na akiugua?" Akacheka, supu inamtoka puani. "Mama naye. Si kuna timu?" Niliingia jikoni nikashika ukingo wa sufuria la moto bila kusikia kuwa ni la moto.

Basi Jumapili nailoni haitakuwepo mezani. Mzee Hemedi, utakaa pale unapokaa siku zote ukija kwangu, mbele kabisa, na utaiona mistari myeusi na myeupe, ya chini imebanana kuliko ya juu. Usiseme huujui. Ulipiga kiganja hapo hapo siku baba yangu aliposema, "Ni wangu." Yusto naye aje, duka lake la dawa za mifugo haliko mbali, aje aseme mle kichupani mlikuwa na nini. Fundi Chande, najua mikono inatetemeka siku hizi, nitakushikia kikombe mimi mwenyewe, wewe njoo useme Jeta alikwambia nini. Sitaki pole zenu. Nataka hao vijana, kabla hawajamtaja mtoto wa mtu mwingine, wasikie kutoka vinywani mwenu kwamba Ramadhani Sefu hakuuza mechi. Mkishasema, mbebe mlango wenu mwende nao. Nimeutunza vya kutosha.

Shikamoo, Mzee Hemedi. Mara ya kwanza niliyokuamkia nikiwa na jambo la kukwambia, hukuitikia. Itikia sasa, halafu uwaambie waliokaa hapo: nani alisema anarudi uwanjani?